Tupeane uzoefu: uliyekuwa mchezaji chuoni, kazi uliipataje?

Mfungaji Mstaafu
Habari za jioni wana Dodoma. Leo nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa chini ya uvungu, nikavuta begi la zamani na kutoa kizibao cha mpira wa pete chenye herufi GS, za mfungaji, mgongoni. Bado kina vumbi jekundu la uwanja. Nilikaa chini nikacheka, kisha nikakosa raha.
Miaka mitatu nimefungia chuo. Kila nikiuliza habari ya kazi, kocha ananijibu, "Wewe cheza, nitaongea na watu." Nimemaliza, watu hao sijawahi kuwaona. Nyie mliokuwa mnaamka saa kumi na moja alfajiri na upepo wa Juni, mlijiandaaje? Nina mdogo wangu yuko mwaka wa pili, anacheza, na naona anaelekea kule kule.

Winga wa Nkuhungu
"Nitaongea na watu." Dah. Kauli hiyo imemaliza wengi kuliko majeraha ya goti.

Beki Tatu
Umenigusa pabaya. Mimi nilisoma uhasibu. Wakati wenzangu wako field, yale mafunzo ya kazi maofisini, mimi nilikuwa kambini tunajiandaa na michezo ya vyuo. Ofisini nilienda siku sita tu, nikihesabu vizuri. Bosi wa pale alikuwa mpenda mpira, akaniambia nenda kaiwakilishe Dodoma, kitabu nitakusainia. Kitabu cha wiki nane nilikijaza usiku mmoja, natumia kalamu mbili tofauti ili kionekane kimeandikwa siku nyingi. Siku nyingine naandika kwa mkono uliolegea, kama nimechoka na kazi. Nikajiona mjanja.
Miezi kumi na nne baadaye naitwa usaili kwenye kampuni fulani. Nimevaa shati la kuazima, bahasha ya kaki mkononi, medali mbili nimezitia ndani ya bahasha. Ndiyo, medali. Mama mmoja mwenye miwani akafungua kitabu changu cha field, akasoma: "Wiki ya tano, nimelinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki." Akauliza kwa upole, "Hebu tuelekeze, ulianzia wapi?"
Nikasema nilianzia mwanzo.
"Mwanzo upi?"
Jasho likanitoka. Yule mama hakunigombeza, na ndicho kilichoniuma. Alifunga faili taratibu, akanisogezea chupa ya maji, akasema, "Kunywa mwanangu." Nilipoinuka bahasha ikaachia, medali zikalia sakafuni kama njuga. Nilipanda daladala mpaka Sabasaba sikumbuki hata nani alinirudishia chenji.

Chozi la Zabibu
Kalamu mbili! Kumbe si mimi peke yangu.

Mjukuu wa Chilonwa
Solusheni ni majeshi. Huko kipaji kinaheshimiwa, unacheza na mshahara unaingia. Hata Simbu wetu wa Singida, aliyechukua dhahabu ya marathoni Tokyo mwaka 2025, ni askari wa JWTZ.

Winga wa Nkuhungu
Mkuu, Simbu amekimbia kilomita 42. Wewe raundi tatu za uwanja wa Jamhuri tulikubeba.

Mjukuu wa Chilonwa
Nilikuwa na malaria siku ile na unajua.

Kipa wa Kukodi
Ngoja niwape ya kwangu. Chuoni nilikuwa kipa, lakini likizo nilikuwa nakodishwa. Kata moja ilinichukua kwenye kombe lao, nikacheza kwa jina la kijana wa pale, tumwite Juma. Mamluki kamili. Nikadaka penalti mbili, nikabebwa juu juu mpaka stendi.
Miaka inapita, nimemaliza chuo, naingia usaili wa mahojiano. Mchujo wa maandishi nimepata 71, kifua mbele. Mwenyekiti wa jopo ananiangalia, anaangalia karatasi, ananiangalia tena. "Wewe si Juma?" Nikasema hapana mheshimiwa. "Mimi ndiye niliyechezesha ile fainali. Nilikuandika mwenyewe kwenye ripoti. Juma." Jopo zima limenyamaza.
Nikajibu, "Juma ni pacha wangu."

Chozi la Zabibu
😂😂 Weweee! Ikawaje?

Winga wa Nkuhungu
Usitukate hapo, malizia.

Mwalimu Mstaarabu
Mnacheka, lakini huo ni udanganyifu. Mtu anayetumia jina la mwenzake uwanjani atatumia na cheti cha mwenzake ofisini.

Winga wa Nkuhungu
Mwalimu, na wewe uliyekuwa unapanga timu ya UMISSETA, michezo ya wanafunzi wa sekondari, na vijana wenye ndevu?

Mwalimu Mstaarabu
Naomba uthibitisho.

Mjukuu wa Chilonwa
Kwani asingeenda tu kuchukua ile hati ya usajili wa majina?

Mama Zabibu
Mwanangu, hati ile ni ya mtu mmoja mwenye majina mawili, si ya watu wawili wenye jezi moja.
Mimi nakaa upande wa wanaopokea maombi, nisikilizeni kidogo. "Nilicheza mpira wa pete" haitusaidii kitu. Andika ulikuwa nahodha wa watu wangapi, posho za safari nani alizishika, marejesho nani aliyaandika. Hizo ndizo kazi. Halafu someni tangazo mpaka mwisho. Kwenye zile za Sekretarieti ya Ajira barua lazima isainiwe, vyeti vithibitishwe na wakili, na hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazipokelewi, wanataka cheti chenyewe. Wadhamini ni watatu. Kocha awe mmoja, wengine wawe watu waliokuona ukifanya kazi ya akili. Na mpigie kwanza! Kuna kocha nilimpigia akaniuliza, "Huyo alikuwa jezi namba ngapi?"

Beki Tatu
Ahsante mama. Ungekuwepo mwaka ule.

Dada wa Makulu
Mimi michezo niliifuta yote kwenye CV. Bosi mmoja aliniambia wazi, wachezaji mnaomba ruhusa kila msimu wa SHIMUTA, ile michezo ya mashirika na makampuni.

Chozi la Zabibu
Mbona mimi nilichukuliwa kwa sababu ya SHIMUTA hiyo hiyo? Walikuwa hawana mfungaji wa pete.

Dada wa Makulu
Hongera, sasa unafanya kazi gani hapo?

Chozi la Zabibu
Mapokezi. Na nina shahada ya takwimu. Usiniulize zaidi.

Winga wa Nkuhungu
Mwambieni mdogo wake aende jogging za Jumamosi. Tangu serikali ihamie huku, unakimbia bega kwa bega na mkurugenzi na hujui. Ila asimpite.

Mfungaji Mstaafu
Namwambia leo leo, na kalamu mbili namnyang'anya. Kipa, rudi, watu hatujalala.

Kipa wa Kukodi
Nilikuwa namenya viazi jamani. Basi, mwenyekiti akatabasamu, akasema, "Sawa, msalimie pacha." Nikapata 49. Natoka mlangoni, kwenye benchi nani anafuata kuingia? Juma mwenyewe, na jina lake halisi.

Chozi la Zabibu
Uongo!

Kipa wa Kukodi
Wallahi. Wakamuuliza zile penalti alizidakaje. Akasema anamshukuru Mungu.

Mjukuu wa Chilonwa
Samahani kuwatoa kwenye mada. Wakili wa bei nafuu wa kuthibitisha vyeti, maeneo ya karibu na Nyerere Square, nani anamjua?