Mawe ya kijani ya Ruangwa: kigae, dikroskopu au mzani wa maji?

Chande_Nachingwea
Wakuu habari zenu. Jamaa zangu wachimbaji wadogo wa Ruangwa wananiletea mawe ya kijani. Wao wanasema yote ni grini garneti, yaani tsavoraiti. Broka mmoja wa Lindi mjini kayageuzageuza juani, kasema nusu ni tomalini. Wote wanatumia macho tu, na bei zake ni mbingu na ardhi. Pesa yangu inatosha kifaa kimoja. Nichukue kipi?

Sijaali
Kigae, mkuu. Hata cha bafuni: sugua jiwe upande wa nyuma usiong'aa, uangalie unga. Dhahabu inaacha unga wa njano, pairaiti, ile inayofanana na dhahabu, unga mweusi wenye ukijani. Kazi imeisha.

Binti_Masasi
Imeisha kwa dhahabu, kaka Sijaali, mwenzio kauliza vito. Ugumu wa kigae ni kama 7 kwenye kipimo cha Mohs, cha 1 hadi 10, na garneti na tomalini zinacheza hapohapo. Utachubua kigae chenyewe, au upate unga mweupe kwa yote mawili. Kigae kiache kwa kina hematiti, madini ya chuma: jiwe linaweza kuwa jeusi linalometa, unga wake ni mwekundu wa kahawia.

Na broka tusimlaumu sana. Tsavoraiti na tomalini ya kijani iliyokoza zote hupakwa rangi na vanadi na kromi, jicho litazitenganishaje? Rangi haitaji jiwe: korundamu, madini ya rubi na safaya, ikiwa safi haina rangi kabisa. Ikiingia kromi kidogo ni rubi, chuma na titani ni safaya ya bluu.

Mzee_wa_Lenzi
Dikroskopu, kijana wangu, kimrija cha kutazamia jiwe kwenye mwanga. Ukichungulia unaona vidirisha viwili. Tomalini itakupa kijani cha aina mbili, kimoja kimekoza kuliko kingine. Garneti ni rangi ileile kotekote. Ila ligeuze jiwe pande tatu nne, maana tomalini ina uelekeo mmoja ambao nayo huonyesha rangi moja.

Binti_Masasi
Shikamoo mzee. Na chupa je? Kioo nacho kinaonyesha rangi moja, na wapo wanaovunja chupa za kijani wakazisugua kwa mchanga hadi zifanane na mawe ya mtoni. Mimi nasema mzani. Pima jiwe kavu, kisha lining'inize kwa uzi ndani ya maji, upime tena. Uzito wa kwanza gawanya kwa tofauti, unajua jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji. Kavu gramu 1.80, majini 1.30, jibu 3.6: tsavoraiti hiyo. Tomalini iko 3.0 hadi 3.2, chupa kama 2.5.

Mzee_wa_Lenzi
Marahaba. Hesabu yako sawa kwa jiwe kubwa. La gramu 0.30 tofauti yake ni 0.08 tu, mzani ukiyumba kwa 0.01 unapata chochote kati ya 3.3 na 4.3. Chande, mawe yako yana ukubwa gani?

Chande_Nachingwea
Mengi hayafiki nusu gramu, mzee.

Mzee_wa_Lenzi
Basi umeshajibiwa. Lenzi ya mara 10 unayo?

Chande_Nachingwea
Ninayo.

Mzee_wa_Lenzi
Tafutia viputo ndani ya jiwe. Viputo vya duara, hiyo chupa, mrudishie mwenyewe.

Chande_Nachingwea
Nachukua dikroskopu. Mzani utasubiri malipo ya korosho.