Ukoo wa Endebess: safari ya Pasaka

*Kitindamimba Kisumu, 19:04*
Mulembe nyote. Pasaka hii mimi na wenzangu watatu wa kazini tunapanda Mlima Elgon, kilele cha Koitobos. Ijumaa Kuu alfajiri tunatoka Kisumu kwa gari, usiku tunalala huko juu mwisho wa barabara. Jumamosi kileleni, halafu tunateremkia zile chemchemi za maji moto za Suam. Jumapili tuko kwa Shangazi.

*Shangazi, 19:09*
Karibuni, kuku yupo. Lakini huku mvua imeshuka tangu Jumanne, majirani wameshatia mahindi ardhini. Juzi trekta lilikwama hapa kwa lango letu, likavutwa na ng'ombe. Hilo gari lenu ni la aina gani?

*Kitindamimba Kisumu, 19:11*
Ni saluni ya kawaida, Shangazi. Nimeangalia hali ya hewa kwa simu, Kitale inaonyesha mawingu na mvua kidogo jioni.

*Baba Mdogo, 19:20*
Simu inakupa habari za Kitale, na Kitale iko mita 1,900 hivi. Koitobos ni mita 4,222. Kila mita 1,000 unayopanda, joto linashuka nyuzi 6 hivi. Kitale ikiwa 16, kule juu ni 2 ama 3, na hapo sijaweka upepo wala kulowa. Na saluni haifiki mwisho wa barabara msimu huu. Ule udongo mwekundu ukilowa unakuwa sabuni. Tafuteni gari la kuvuta magurudumu yote manne, au liacheni Chorlim, kwenye lango la mbuga.

*Dada Nakuru, 19:26*
Mimi nimeshtushwa na kulala. Mwisho wa barabara ni kama mita 3,500. Kisumu ni 1,131. Yaani siku moja, ukiwa umekaa kwenye kiti cha gari, unaupandisha mwili zaidi ya mita 2,300 kisha unauambia ulale. Hewa ni nyepesi huko, mwili unahitaji siku za kuizoea. Nimehudumia wagonjwa wa mlima hapa kazini. Huanza na kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula, kutapika. Mtu akianza kuyumba kama mlevi au kukosa pumzi akiwa amekaa, hapo hakuna kungoja asubuhi. Mnamteremsha usiku huo huo.

*Kitindamimba Kisumu, 19:29*
Sisi wote tunakimbia kila wiki, Dada. Afya tunayo.

*Dada Nakuru, 19:30*
Ugonjwa wa mlima haumwogopi mkimbiaji. Naye anaupata, hasa akienda mbio.

*Baba Mdogo, 19:47*
Sikiliza nikueleze jambo ambalo sijawahi kuandika hapa. Miaka ile nikibeba mizigo ya wageni, tulipanda mwezi kama huu. Asubuhi jua, ile mimea ya lobelia, mirefu kumpita mtu, inang'aa, kila mtu anapiga picha. Saa saba mchana mvua ya mawe. Kijana mmoja wa umri wako alikuwa amevaa suruali ya jinzi na fulana ya pamba. Pamba ikilowa hailindi chochote, inanyonya joto la mwili na kulipeleka kwa upepo. Alitetemeka saa nzima, kisha akaacha kutetemeka. Sisi tukafurahi tukidhani amepata nafuu. Kumbe ndipo alipokuwa anatuponyoka. Alitaka kufungua kifungo cha koti, vidole vikawa vinapapasa tu, havikikamati. Nikamuuliza jina la mamake, akanijibu habari ya baiskeli.

*Shangazi, 19:49*
Mungu wangu.

*Baba Mdogo, 19:55*
Mwenzake alitoa kichupa cha pombe ampashe moto, nikakinyang'anya. Pombe inaleta damu juu ya ngozi na joto lote linatoka. Tulisimamisha hema, tukamvua kila kilicholowa, na hapo ndipo tukagundua nguo zake za kubadilisha nazo zimelowa, begi lote lilikuwa maji. Nilimvalisha sweta yangu ya kulalia, nikaingia naye kwenye blanketi moja mpaka akaanza kutetemeka tena. Alipoweza kumeza vizuri tukampa chai yenye sukari nyingi. Sweta moja kavu. Isingekuwepo, sijui tungemwambia nini mamake.

Kwa hivyo nakuomba, mwanangu. Seti moja ya nguo, na soksi, zifungwe ndani ya turubai hata mkizamishwa mtoni zisilowe. Hazivaliwi mchana hata ukisikia baridi vipi. Ni za hemani. Asubuhi unarudisha zile mbichi mwilini, inauma, lakini unatembea zinapata joto. Nendeni soko la Kibuye hapo Kisumu, kwenye mitumba, sweta za sufu hazikosi. Jinzi ziacheni Kisumu.

*Kitindamimba Kisumu, 20:10*
Nimewasomea wenzangu yote. Wawili walikuwa wamepakia jinzi.

*Dada Nakuru, 20:12*
Basi badilisheni ratiba pia. Ijumaa laleni Kapkuro, pale karibu na lango. Jumamosi ndiyo mpande polepole hadi mwisho wa barabara. Kilele Jumapili.

*Baba Mdogo, 20:18*
Naam. Na Jumapili muwe njiani kabla ya mapambazuko. Kutoka hapo mwisho wa barabara hadi Koitobos ni mwendo wa saa tatu au nne. Saa sita mchana mgeuke, hata kama kilele mnakiona kwa macho. Mvua za msimu huu huja mchana na radi, na kule kileleni kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Chemchemi ziacheni hadi Januari. Ziko chini ndani ya bonde la volkeno, vijito vikijaa hamrudi. Chukueni mwongozaji, vijana wa Kisabaot wanaijua njia hata kwenye ukungu, na msituni kuna nyati.

*Kitindamimba Kisumu, 20:21*
Na pango la Kitum? Nataka kuona pale ndovu wanapochimba chumvi.

*Dada Nakuru, 20:24*
Ishieni mlangoni mtazame alama za pembe ukutani, inatosha. Mwaka 1980 na 1987 watu waliotembelea pango hilo waliugua Marburg, homa kali ya virusi, wakafa. Popo ndio wenye virusi hivyo. Msiende ndani.

*Shangazi, 20:27*
Kiingilio cha mbuga mlipie mapema kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, huko langoni mtandao husumbua. Na chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mbugani tangu 2020, bebeni za chuma.

*Nyanya (sauti, 20:33)*
Mjukuu wangu, mwambie Baba Mdogo akupe ile sweta.

*Baba Mdogo, 20:35*
Ninayo, Mama. Nitaileta mwenyewe Chorlim Ijumaa jioni. Na kila mtu atanifungulia begi lake nione.

*Kitindamimba Kisumu, 20:36*
Asante, Baba Mdogo. Tutakungoja langoni.

*Shangazi, 20:40*
Basi kuku ni wa Jumatatu.