Utani usiomvunjia mtu heshima: mnafanyaje nyumbani?

BintiKibokoni
Asalam aleikum, na hamjambo nyote. Nyumba ikiwa na mke aliyeolewa kutoka bara, mashemeji wa Mji wa Kale hapa Mombasa, wakwe na watoto, utani unaowachekesha hawa unawauma wale. Mtu atajuaje nani anataniwa na kwa jambo gani? Na mtu akishanuna, hurekebishwaje bila kulikuza? Tafadhali msiniambie tu "acheni utani". Nyumba isiyo na kicheko haikaliki.

MzeeWaBaraza
Waaleikum salaam, binti yangu. Huku kwetu utani una wenyewe. Babu na mjukuu, shemeji na shemeji, watoto wa mjomba na wa shangazi: hao ruhusa wanayo tangu zamani. Babu akimwita mjukuu wake "mke wangu" na kumdai chai, Kisauni nzima hakuna atakayeshtuka. Wakwe wako upande wa heshima. Hata mama mkwe akianza yeye, cheka kidogo umwachie, usimrudishie.

Taabu ya mke wa bara ni kwamba kwao mipaka hiyo yaweza kuwa imepita kwengine. Shemeji akimwita "mke wetu" siku ya pili ya harusi, wenyeji husikia karibu, yeye husikia kuvunjiwa heshima. Kumweleza ni kazi ya mumewe, na amweleze kabla hawajakaa pamoja, amtajie na maneno yenyewe atakayoyasikia. Mashemeji nao wangoje. Siku bibi harusi atakapowatania yeye mwenyewe, mlango umefunguka. Kabla ya hapo ni salamu na ukarimu.

MwalimuWaTudor
Nakubaliana na Mzee. Naongeza upande wa jambo lenyewe. Mtanie mtu kwa alichokichagua na anachoweza kukiacha kesho akitaka: timu anayoshabikia, kuchelewa kwake, viazi karai asivyoweza kuvipita. Umbo, rangi, kabila, kipato, talaka, maradhi na uzazi usiviguse. "Mbona tumbo halionekani?" kwa aliyeolewa mwaka jana si utani hata kidogo, kwa kuwa hana jibu la kukupa ila maumivu yake. Utani hunoga pale mwenzako anapoweza kukujibu na wewe ukacheka vilevile.

Kosa linaloharibu nyumba nyingi ni lalamiko lililovishwa mzaha. Chukua mchuzi uliozidi chumvi. Mume anasema mbele ya wageni, "Leo mchuzi umevuka Likoni bila feri." Wageni wanacheka, maana Likoni ni kivuko cha maji ya bahari. Mke aliyesimama jikoni tangu alasiri amesikia mambo mawili kwa pamoja: kwamba chakula kibaya, na kwamba mumewe amechagua kumwambia hivyo hadharani. Akikasirika ataambiwa hajui mzaha, basi hata pa kusemea hana. Kama unataka chumvi ipungue, sema wageni wakishaondoka: "Ahsante kwa chakula. Kesho tupunguze chumvi kidogo." Hapo umemaliza. Maneno yaleyale ya feri akiyasema mpishi mwenyewe, huo ni utani mzuri, kila mtu acheke naye.

Mwaka 2003 Rod Martin na wenzake wa Canada waliugawa ucheshi mafungu manne: wa kuwaunganisha watu, wa kujipa moyo mwenyewe, wa kushambulia wengine, na wa kujidhalilisha ili wengine wacheke. Huo wa nne watu husahau kuuangalia. Ukimwona mtu kila siku anajicheka yeye tu, usimsaidie kujicheka.

Dada_wa_Majengo
Mwalimu, umesahau lafudhi, na kwa swali hili ndiyo ya kwanza. Watu wa Mombasa tunapenda mno kucheka Kiswahili cha bara. Mgeni akichekwa mara mbili mezani, ya tatu hasemi tena, na nyinyi mtasema ana maringo. Akisema "hii mtoto imelala", mjibu tu, "Ee, mtoto huyu amelala mapema leo." Amesikia, amejifunza, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Tazameni pia dalili. Aliyefurahi hucheka papo hapo na hukurudishia neno. Aliyeumia huchelewa kucheka, huangalia wengine kwanza, hutabasamu kwa meno tu, au husema "sawa" kisha anaondoka na vyombo. Ukiona hivyo badilisha mazungumzo pale pale. Usirudie mzaha ule kwa kudhani hakuusikia.

Watoto wadogo, wa chini ya miaka sita hivi, kejeli kwa kawaida huichukua ilivyo. Ukimwambia "hongera kwa kumwaga uji", yeye anajua amepongezwa, au anachanganyikiwa na sauti yako.

KaziNiKazi
Kwenye kundi la WhatsApp la familia punguzeni kejeli kabisa. Utafiti wa Justin Kruger na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba wanaoandika barua pepe hudhani kejeli yao itatambulika kuliko inavyotambulika kweli. Mwandishi anaisikia sauti yake kichwani, msomaji hana sauti hiyo. Tuma sauti, au ngoja mkutane.

Kurekebisha: ulipomuumiza mbele ya watu, futa mbele ya watu hao hao kwa sentensi moja: "Nimekosea kusema vile, samahani shemeji." Usitie "nilikuwa nakutania tu", maana hapo kosa unamrudishia yeye. Kisha siku hiyo hiyo mwendee peke yake, usikilize, usijitetee. Asipocheka nawe wiki nzima, mwache. Kwa Waislamu, aya ya 11 ya Surat Al-Hujurat imekataza wazi kudharauliana na kuitana majina mabaya, kwa hiyo jina la utani asilolipenda mwenyewe liacheni, hata kama mtaa mzima umelizoea.

BintiKibokoni
Ahsanteni sana. Na kazini je, dukani kwa mfano?

KaziNiKazi
Kazini bosi ndiye wa kujizuia zaidi, kwa sababu mfanyakazi atacheka hata akiumia. Mzaha wa kimapenzi au wa mwili wa mtu uondoe kabisa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inahesabu maneno ya kingono yasiyotakiwa, ya mdomo au ya maandishi, kuwa unyanyasaji, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima atoe sera ya maandishi baada ya kushauriana nao. Duka la watu watatu halidaiwi sera hiyo, lakini kifungu chenyewe kinalihusu.