Naomba ushauri: mwenye nyumba Pune hajazi Fomu C

Habari zenu wakuu. Leo ni siku ya tisa niko Pune, India, nimekuja kwa utafiti wa miezi kumi. Natakiwa kujiandikisha FRRO, yaani ofisi ya usajili wa wageni, ndani ya siku 14, na wanataka fomu ambayo wengi huiita Fomu C, ya kutoa taarifa za mgeni anayekaa kwenye nyumba, inayojazwa na mwenye nyumba. Mzee wa watu ananikaribisha chai ya maziwa na tangawizi kila jioni, ila nikigusia fomu anatikisa kichwa tu, na siku inapita. Benki nayo imegoma kunifungulia akaunti bila usajili huo. Hapa hata muuza nyanya kabandika msimbo wa kulipia kwa simu, noti ya rupia 500 hana chenji. Mliopitia haya, nihamie hosteli ya chuo ili wao wanijazie? Au kuna namna ya kumwelewesha mzee bila kumuudhi? Zimebaki siku tano.