Je, meflokwini iendelee kuandikiwa wasafiri na wanajeshi?

Mtoa hoja: Naomba tulijadili hili bila jazba. Meflokwini ni kidonge cha kuzuia malaria kinachomezwa mara moja kwa wiki, nami nasema kiondolewe. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba huziba njia zinazojengwa na protini ya koneksini 36. Koneksini sita hujipanga duara katika utando wa seli moja na kufanya nusu ya mfereji, seli ya jirani huleta nusu yake, na nusu hizo zikikutana, umeme hupita moja kwa moja bila kungoja kemikali. Katika ubongo wa kati, neva zinazopokea habari za misuli ya taya zimeungana hivyo, mwili wa seli moja ukigusana na wa nyingine, hata moja ikisisimka jirani yake huvutwa nayo. Ukiziba mahali kama hapo, kizunguzungu na ndoto za kutisha ni ajabu gani?

Mchangiaji: Ndugu yangu, mfereji umeueleza vyema, ila umeruka hatua. Watafiti hao walifanya kazi na seli zilizokuzwa maabara na vipande vya ubongo wa panya, si mtu aliyemeza kidonge. Tena meflokwini haigusi koneksini peke yake. Huvuruga pia kalsiamu ndani ya seli. Na kuna jambo linalonisumbua zaidi: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kizunguzungu chake chaweza kudumu hata maisha. Kama kosa lote lingekuwa la kuziba, dawa ikishatoka mwilini, ingawa huchukua majuma kadhaa, si mfereji ungefunguka?

Mtoa hoja: Hapo umenibana, nakiri. Hata hivyo, ushahidi wa kuiondoa hautegemei koneksini. Ilijaribiwa kwa wajawazito Tanzania, Benin, Gabon na Msumbiji badala ya SP, dawa ambayo wajawazito hupewa kuzuia malaria. Malaria ilipungua, lakini kutapika na kizunguzungu vilizidi, na Shirika la Afya Duniani halikuipendekeza kwa kazi hiyo.

Mchangiaji: Kwa wajawazito, sawa. Msafiri asiyeweza kutumia dawa nyingine za kuzuia malaria, doksisaiklini wala atovakwoni, utampa nini? Mimi ningeibakiza, kwa sharti kwamba aulizwe kwanza kama amewahi kuugua akili au kifafa, na aiache mara kichwa kinapoanza kuzunguka.