MREJESHO: Tripleti (nota tatu ndani ya pigo moja) kwenye MuseScore, programu ya kuandika nota za muziki, zimekubali
Wakuu, ni yule wa Mwanza niliyeuliza kwa nini nikiandika nota tatu ndani ya pigo moja, ya mwisho inanirukia kwenye pigo linalofuata. Kosa langu: nilikuwa naanza na nota fupi fupi. Kumbe unachagua kwanza urefu wa kundi zima, kwa mfano nota ya pigo moja kwenye 4/4 (mapigo manne kwa kila kipimo), unabonyeza Ctrl+3, ndipo unajaza tatu zako. Za tano, Ctrl+5. Ukikosea, bofya ile namba 3 yenyewe kisha Delete, kundi lote linaondoka (hili nililigundua kwa hasira). Jana kwaya yetu hapa Kirumba imeimba kwa karatasi mpya. Besi bado wanaburuza, ila hilo si la kompyuta.