Wanafunzi wakizungusha kamera, picha inarukaruka. Tuanzie wapi?

Mlezi_Klabu, Kisumu
Hamjambo nyote. Klabu ina wanafunzi 12, simu 3 na stendi 1. Wanarekodi video ya dakika mbili kuhusu wachuuzi wa samaki pale ufuoni Dunga. Wakipani (wakizungusha kamera kwa upande) kutoka ziwani hadi kwenye vibanda, picha inarukaruka na ziwa linaishia limeinama. Tukihariri, shoti (vipande vya video) hazishikani. Nirekebishe nini kwanza?

StendiSawa
Mwalimu, ziwa linainama kwa sababu mguu mmoja wa stendi umezama mchangani. Rekebisha urefu wa miguu hadi kipovu cha kipimo cha usawa kwenye stendi kikae katikati. Ukisawazisha kwa kuinamisha kichwa cha stendi, mwanzo utanyooka na mwisho utapinda.

Kurukaruka ni kasi. Kwa fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, kitu kikiingia ukingo mmoja wa picha kichukue kama sekunde 7 kufika ukingo wa pili. Shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) iwe sekunde 1/50, ambayo pia huzuia taa za mirija kumetameta, maana umeme wetu ni wa hezi 50. Juani simu haiwezi kubaki 1/50 bila kichujio cha kupunguza mwanga: itapanda yenyewe hadi 1/1000 au zaidi, kila fremu iwe kali, na jicho lione miruko. Kama hamna kichujio, zungusheni polepole zaidi.

Mpigaji aelekeze miguu kule pani itakakoishia, ndipo apinde kiuno kurudi mwanzo. Atulie sekunde 5, azungushe, atulie tena 5. Bila utulivu huo mhariri hana pa kukata.

Mhariri_Nakuru
Hayo ni kweli, lakini mimi ningewanyima pani kabisa wiki ya kwanza. Mama anayepara samaki apigwe shoti tano zisizosogea, sekunde 10 kila moja: mikono kwa karibu, uso kwa karibu, picha pana, kutoka nyuma ya bega lake, kisha pembe isiyozoeleka, mfano chini usawa wa karai. Kati ya shoti na shoti, hama angalau digrii 30 na ubadilishe ukubwa, la sivyo mkato utaonekana kama kosa. Muuzaji na mnunuzi wakiongea, kaeni upande mmoja tu wa mstari unaowaunganisha. Mkivuka, wataonekana wote wanatazama upande mmoja.

Mlezi_Klabu, Kisumu
Shukrani sana. Na zumu? Na kumfuata mchuuzi akitembea?

StendiSawa
Zumu ya vidole acheni, inapunguza ubora. Sogeeni kwa miguu. Kumfuata: lenzi pana, viwiko mbavuni, magoti yamelegea, kisigino kitangulie, umbali ubaki mita 2 hivi. Bonyezeni skrini kwa muda kufunga fokasi (ukali wa picha) na mwanga visibadilike. Tatizo ni akitoka juani kuingia kibandani: mwanga uliofungwa nje utamfanya awe giza. Kateni mlangoni, mfunge upya ndani.

Na futeni lenzi kila shoti. Kidole chenye mafuta ya samaki hufanya picha nzima iwe na ukungu.